Uzito wa mama, ukubwa wa mtoto: maswali ninayoulizwa kliniki hapa Mombasa

Kwenye benchi la kliniki ya wajawazito hapa Mombasa utamkuta Mdigo wa Likoni, Mgiriama wa Kisauni, Mshihiri na Mbohora wa Mji wa Kale, Msomali, Mkamba wa Changamwe, Mjaluo wa Mikindani. Wote hupanda mizani ile ile. Wakishuka, maswali huwa yale yale, ila kila mmoja huanza na neno lake moja: "sisi". Sisi hatunenepi. Sisi watoto wetu ni wadogo. Sisi huongeza kilo ishirini na hakuna neno. Mimi ni mkunga, na maswali haya nimeyajibu miaka mingi nikiwa nimesimama, foleni imefika mlangoni, kwa maneno machache kuliko yalivyostahili. Hapa nayajibu kwa nafasi.

Ni kweli kila kabila lina kiwango chake cha kuongeza uzito wakati wa mimba?

La. Kiwango kinachotumika sana duniani kilitolewa mwaka 2009 na Institute of Medicine, taasisi ya ushauri wa tiba ya Marekani, nacho hakiulizi kabila. Kinauliza jambo moja: ulipopata mimba ulikuwa na uzito gani ukilinganishwa na urefu wako?

Kabila lilifikiriwa zamani. Mwongozo wao wa 1990 uliwaambia wanawake weusi walenge upande wa juu wa kiwango, na wanawake wafupi, walio chini ya sentimita 157, walenge upande wa chini. Mwongozo ulipokaguliwa upya 2009, mapendekezo hayo yaliondolewa, kwa kuwa ushahidi wa kuwatenga watu namna hiyo haukutosha. Hata hivyo mashauri ya namna ile bado yanatembea mitaani, na mengine yanatoka midomoni mwa watu waliovaa koti jeupe. Ukiambiwa "wewe mfupi, usiongeze sana" au "nyinyi huwa mnanenepa tu", uliza: na uzito wangu wa mwanzo unasemaje?

Basi niongeze kilo ngapi?

Kwanza jua BMI yako ya kabla ya mimba, yaani ule uzito ukilinganishwa na urefu. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Mama wa kilo 58 mwenye urefu wa mita 1.58 anapata 23.2. Mshike huyu mama kichwani, tutarudi kwake.

Aliyeanza chini ya 18.5, yaani mwembamba, anatakiwa aongeze kilo 12.5 hadi 18 kwa mimba nzima. Aliye kati ya 18.5 na 24.9, kilo 11.5 hadi 16. Aliye kati ya 25 na 29.9, kilo 7 hadi 11.5. Aliyeanza na 30 kwenda juu, kilo 5 hadi 9 zinamtosha.

Miezi mitatu ya mwanzo huongezeki sana, nusu kilo hadi kilo mbili hivi, na wapo wanaopungua kwa kutapika. Kilo zenyewe huja baadaye. Mwenye uzito wa kawaida huongeza kama gramu 400 kwa wiki, mwembamba kama gramu 500, na mnene nusu ya hizo, gramu 200 na kitu. Kwa hiyo nikiona kwenye kijitabu cha mama na mtoto kwamba mwezi mzima hujaongeza chochote, na mimba iko mwezi wa saba, sitasubiri mwezi mwingine kukuuliza unakula nini na unaumwa wapi.

Nilianza kliniki nikiwa na miezi mitano. Uzito wangu wa mwanzo siujui.

Wengi ndivyo walivyo. Tunakadiria: uzito ulioandikwa mahali popote mwaka huo, hata kwenye duka la dawa, hutusaidia. Kama haupo, tunaangalia mkono wako wa juu kwa mkanda, kwa kuwa mkono haubadiliki sana na mimba, halafu tunafuata jinsi unavyoongezeka wiki kwa wiki kuanzia hapo. Mimba ijayo njoo mapema, kabla ya wiki ya 12.

Kilo kumi na mbili zinakwenda wapi, na mtoto ana tatu tu?

Swali zuri sana, na nikilijibu huwaona watu wakitulia. Mtoto mwenyewe kilo 3 na kitu. Kondo la nyuma zaidi ya nusu kilo. Maji ya chupa ya uzazi karibu kilo. Mji wa mimba uliotanuka kama kilo nzima. Damu iliyoongezeka mwilini kilo moja na zaidi, maji mengine ya mwili kilo moja na nusu hivi, matiti karibu nusu kilo. Yanayobaki, kilo tatu hadi nne, ni mafuta ambayo mwili unajiwekea akiba ya kunyonyesha. Unaona basi kwamba zaidi ya nusu ya uzito huo si unene. Ni vyombo vya kazi.

Mizani ya mwezi uliopita na ya leo hazisemi kitu kimoja. Nimepungua?

Juzijuzi mama mmoja alishuka kwenye mizani macho yamemtoka. Mwezi uliopita alikuwa na kilo 66, leo 64.5. "Mtoto yuko, nesi?" Nikamuuliza mwezi uliopita alipandaje. Akakumbuka: na buibui, viatu, na mkoba begani. Mkoba ule ule alikuwa nao. Tukauweka peke yake juu ya mizani: chupa ya maji, simu mbili, funguo, nusu kilo ya ndizi alizonunua Kongowea. Karibu kilo mbili na robo! Maana yake mtoto yuko, na mama ameongeza kama gramu mia saba.

Kwa hiyo vua viatu, weka mkoba chini, vaa nguo nyepesi. Ikiwezekana upimwe mizani ile ile kila mara. Na ukipewa namba, iangalie mwenyewe ikiandikwa.

Kwetu watoto huzaliwa wadogo. Kilo 2.3 si ndiyo saizi yetu?

Hili ndilo swali linalonikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya niandike.

Kwa Shirika la Afya Duniani, mtoto yeyote aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 ana uzito pungufu, awe Mchina, Mnorway au Mrabai. Mstari huo una sababu: chini yake, hatari ya kupoteza joto, kuishiwa sukari, kushikwa na maradhi na kufa inapanda. Mtoto hapungukiwi na hatari hizo kwa sababu nyanya yake naye alizaliwa mdogo.

Nakumbuka nyanya mmoja aliyekuja na mjukuu amefungwa leso iliyomzunguka mara tatu. Tulipomfungua, kilo 2.1, mimba ya miezi tisa kamili. "Ndio sisi hao," akasema, bila wasiwasi. Nikakifungua kijitabu cha mama. Kliniki alikuja mara mbili tu. Dawa ya kuzuia malaria hakupewa hata mara moja. Damu ilikuwa chini. Hapo pana sababu tatu, na hakuna hata moja iliyo ya ukoo. Mimba iliyofuata yule mama alikuja mapema, akameza dawa zake, na mtoto akapima 2.9. Sisemi kwamba dawa peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo; mtoto wa pili kwa kawaida huwa mzito kidogo kuliko wa kwanza. Lakini nyanya hakusema tena "ndio sisi".

Ufupi wa mama una sehemu yake, sikatai. Mama mfupi huelekea kupata mtoto mdogo kidogo kuliko mama mrefu. Ila ufupi wenyewe mara nyingi ni njaa ya utotoni iliyobaki mwilini, na kinachoonekana ni urithi wa damu kikawa ni urithi wa sufuria.

Malaria inahusikaje na uzito wa mtoto? Mimi sijawahi kuwa na homa.

Huku pwani malaria ya mimba hujificha. Vijidudu hukimbilia kwenye kondo la nyuma, pale chakula na hewa vinapovuka kwenda kwa mtoto, vikajazana huko. Mama anaweza asisikie homa wala baridi, huku mtoto ananyimwa riziki yake mlangoni. Mimba ya kwanza ndiyo huathirika zaidi.

Ndiyo maana kaunti za pwani hutoa dawa ya SP, wengi waijuao kama Fansidar, kuanzia wiki ya 13, kisha kila baada ya mwezi, mara tatu au zaidi. Imezwe pale pale kliniki. Mama mwenye virusi vya ukimwi anayemeza Septrin hapewi, kwa hiyo mwambie nesi. Na chandarua, hata joto la Machi likiwaje.

Nimesoma kwamba watafiti wamethibitisha watoto wa Kiafrika ni wadogo kwa asili.

Hebu tuuangalie ushahidi vizuri, maana hapa ndipo maneno mengi huharibikia.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu za watoto waliozaliwa jimbo la Illinois kati ya 1980 na 1995. Walilinganisha makundi matatu ya akina mama: weupe waliozaliwa Marekani, weusi waliozaliwa Marekani, na weusi waliozaliwa Afrika kisha wakahamia huko. Watoto wa weupe walikuwa na wastani wa gramu 3,446. Watoto wa weusi wa Marekani, gramu 3,089. Na wa akina mama waliotoka Afrika? Gramu 3,333. Walisimama karibu zaidi na weupe kuliko na weusi wenzao. Kama udogo ungekuwa katika damu ya Kiafrika, wale waliotoka Afrika moja kwa moja ndio wangekuwa na watoto wadogo kuliko wote. Baadaye wakafuatilia kizazi cha pili: mabinti wa wahamiaji weusi kutoka Afrika na visiwa vya Karibi, waliozaliwa na kukulia Marekani, walipata watoto wepesi kuliko wao wenyewe walivyozaliwa. Kilichobadilika ni maisha waliyoishi, maana damu ni ile ile.

Kisha mradi wa INTERGROWTH-21st, uliotoa viwango vyake 2014, ulichagua akina mama wenye afya njema na wanaokula vizuri katika sehemu nane za dunia: Pelotas ya Brazil, Turin, Oxford, Seattle, Beijing, Nagpur ya India, Muscat ya Oman, na Parklands ya Nairobi. Walipopima watoto tumboni na walipozaliwa, tofauti kati ya sehemu na sehemu zilikuwa ndogo sana, chini ya asilimia 4 ya tofauti zote za urefu. Oman na India ni asili za watu wengi wa mji wetu huu, na Nairobi ni kwetu. Wastani wa uzito walioongeza akina mama hao waliokuwa na uzito wa kawaida ulikuwa kilo 13.7 kufikia wiki ya 40, yaani katikati kabisa ya kile kiwango cha 11.5 hadi 16.

Haki ni kusema pia kwamba wataalamu hawajakubaliana wote. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2017 katika nchi kumi, zikiwemo Kongo na Misri, uliona tofauti za uzito wa mtoto tumboni kati ya nchi na nchi hata kwa akina mama wenye afya, na Marekani kuna waliochora chati za kila asili peke yake mwaka 2015. Kwangu mimi, nikiwa na mama mbele yangu, hoja inabaki ile ile: kabla ya kusema "ni asili yao", ondoa kwanza njaa, malaria, upungufu wa damu, presha na sukari. Vikiisha vyote hivyo, tofauti inayobaki ni ndogo kiasi kwamba haitakiwi kumtisha wala kumtuliza mtu.

Mimi ni wa asili ya Kihindi. Daktari ameniambia uzito umezidi, na jirani yangu Mkamba mwenye uzito kama wangu ameambiwa yuko sawa. Si ubaguzi huo?

Si ubaguzi, dada, na hapa asili ina neno la kusema kweli. Kwa BMI ile ile, mwili wa mtu mwenye asili ya Bara Hindi huwa na mafuta zaidi, hasa tumboni, na kisukari humjia mapema. Kwa hiyo mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliongeza alama za tahadhari kwa watu wa Asia: 23 na 27.5. Yule mama wetu wa 23.2, akiwa Mkamba, yuko ndani ya kawaida. Akiwa Mbohora au Mgujarati, amegusa mstari wa kwanza. Kilo za kuongeza kwenye mwongozo wa 2009 hazibadiliki kwa ajili yake. Kinachobadilika ni uangalizi: apimwe sukari bila kusubiri dalili.

Na mtoto wa kwenu usimhukumu kwa mizani peke yake. Mwaka 2003 watafiti walilinganisha watoto wa Pune, India, na wa Southampton, Uingereza. Wa Pune walikuwa na wastani wa kilo 2.7, wenzao 3.5. Misuli ya wa Pune ilikuwa michache na tumbo dogo, lakini mafuta ya chini ya ngozi ya mgongo hayakupungua kwa kiasi hicho. Mtoto mwembamba kwa macho, kumbe mwili wake umeshajipanga kuweka mafuta. Ndiyo maana mama mwenye asili hiyo haitoshi kumwambia "kula unenepe ili mtoto awe mkubwa". Anahitaji chakula chenye kujenga: dengu, pojo, maziwa, mayai au samaki kama anakula, mboga za majani, na mkono mwepesi kwenye samli na mithai.

Mbona ndugu zangu wa Nairobi huzaa watoto wadogo kuliko sisi wa Mombasa?

Mwinuko husaidia kueleza. Kadiri unavyopanda, hewa ya oksijeni hupungua, na watoto hupungua kama gramu 100 kwa kila mita 1,000. Sisi tuko usawa wa bahari. Lakini hii ni hesabu ya maelfu ya watoto. Usiitumie kumpima binamu yako.

Si husemwa mjamzito anakula kwa wawili?

Miezi mitatu ya kwanza hauhitaji chakula cha ziada. Miezi ya katikati, nyongeza ya siku nzima ni kama glasi ya maziwa, yai moja la kuchemsha na ndizi. Miezi ya mwisho ongeza juu yake kipande cha muhogo. Hiyo ndiyo "wawili" yenyewe.

Chakula cha pwani kinatosha kabisa kumlea mtoto tumboni: mbaazi za nazi, samaki, dagaa, mchicha, kisamvu, kunde, maharagwe, boga, mabuyu, embe. Shida yetu iko kwenye mkaango. Mahamri asubuhi, viazi karai na bhajia jioni, chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu mara nne kwa siku, soda ya baridi kwa sababu ya joto. Mama anaongeza kilo 20 na bado damu yake iko chini, kwa kuwa alichokula kina mafuta na unga bila madini. Huyo nimemwona katika kila kabila la mji huu, bila kubagua.

Mbaazi bakiza, mahamri mawili yawe moja. Vidonge vya chuma na foliki meza kila siku, na si kwa chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Meza kwa maji au juisi ya ndimu, chai isubiri saa moja.

Mama mkwe anasema nisile sana mwezi wa mwisho, mtoto atakuwa mkubwa nishindwe kujifungua.

Mpe heshima yake, kwani hofu yake ina chanzo. Amewaona wanawake walioteseka uchungu siku mbili. Lakini mtoto kukwama hutokana zaidi na nyonga, jinsi alivyolala, na wakati mwingine kisukari cha mama. Ukijinyima mwezi wa tisa unampunguzia mtoto akiba yake ya mwisho, wakati ule ule anapoweka mafuta ya kumpa joto, na wewe unaingia kwenye uchungu bila nguvu.

Kinachosaidia ni kumleta mama mkwe kliniki. Nimewaambia wengi, "Mama, njoo usikie mwenyewe," nikamwekea kifaa tumboni mwa mkaza mwanawe, moyo wa mtoto ukasikika chumba kizima. Baada ya hapo yeye ndiye anayesimamia uji wa wimbi uishe bakulini.

Je, mtoto mkubwa ndiye mwenye afya?

Tunapenda kusifu: "Mashallah, kilo nne na nusu!" Kuanzia kilo 4 tunaanza kuwa macho. Mabega huweza kukwama, mama huweza kuchanika na kuvuja damu, upasuaji huongezeka, na mtoto wa mama mwenye kisukari huweza kushuka sukari saa chache baada ya kuzaliwa. Mwaka 2017 zilikusanywa hesabu za mimba zaidi ya milioni moja kutoka nchi mbalimbali: karibu nusu ya akina mama, asilimia 47, waliongeza kupita kiwango, na asilimia 23 hawakukifikia. Waliozidisha walipata zaidi watoto wakubwa kupita kiasi na upasuaji. Waliopungukiwa walipata zaidi watoto wadogo na waliozaliwa kabla ya siku zao.

Kipimo cha sukari hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28: unakunywa gramu 75 za glukosi ukiwa hujala, damu inachukuliwa kabla, baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kama una asili ya Kihindi au Kiarabu, una uzito mkubwa, una ndugu wa karibu mwenye kisukari, au ulishazaa mtoto wa kilo 4, ulizia wewe mwenyewe wasipokutajia.

Ramadhani ikinikuta na mimba?

Tafiti zilizokusanywa pamoja hazikuonyesha kwamba saumu hupunguza uzito wa mtoto kwa mama mwenye afya njema. Lakini mwenye kisukari, presha, damu pungufu, au ambaye uzito wake hauongezeki, mimi humwambia wazi asifunge. Dini imemfungulia mlango mjamzito: atalipa baadaye, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa, akila kwa kumhofia mtoto peke yake ataongeza na fidia. Sheikh wake atamweleza vizuri kuliko mimi. Anayefunga asikose daku, anywe maji ya kutosha usiku, na futari isiwe kaimati na tambi tupu. Akihisi kizunguzungu au mtoto hachezi kama kawaida, afungulie hapo hapo.

Udongo, miraa, muguka?

Hamu ya udongo wa kula mara nyingi ni damu iliyopungua inayodai chuma, na udongo wenyewe hauleti chuma hicho. Huleta minyoo na kufunga choo. Usione haya kutuambia, tutapima damu. Miraa na muguka hukata hamu ya chakula, na tafiti za Yemen na Ethiopia zimehusisha utafunaji wake na watoto wenye uzito pungufu. Acha, na kama ni mume anayekuletea, mwambie alete machungwa.

Uzito umepanda ghafla wiki moja. Nifurahi?

Usifurahi, na usisubiri tarehe ya kliniki. Kilo moja na zaidi ndani ya wiki, baada ya wiki ya 20, huweza kuwa maji yanayojaa mwilini kwa sababu ya presha ya mimba. Ukiona pia uso au mikono imevimba, pete haitoki, kichwa kinauma bila kusikia dawa, macho yanaona vimulimuli, au kuna maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, nenda hospitali usiku huo huo. Aliye Likoni asingoje kupambazuke avuke feri, aende kituo cha upande wake kilicho karibu akapimwe presha. Ikifika 140 kwa 90, ni jambo la kushughulikiwa hapo hapo.

Nina mapacha. Niongeze mara mbili?

Hapana. Uliyeanza na uzito wa kawaida, kilo 17 hadi 25. Uliyeanza mnene kidogo, 14 hadi 23. Uliyeanza mnene sana, 11 hadi 19. Na mapacha wenye kilo 2.4 kila mmoja si jambo la kushangaza, ila bado wanahitaji joto na uangalizi wa watoto wadogo.

Mtoto amezaliwa na kilo 2.2. Sasa nifanye nini?

Mvue, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunge kwa leso, kofia kichwani, na akae hapo mchana na usiku kadiri iwezekanavyo. Baba naye ana kifua, apokezane nawe. Mnyonyeshe kila baada ya saa mbili au tatu hata akiwa amelala, kwani mtoto mdogo hulala njaa bila kulia. Maziwa ya mwanzo, yale ya manjano, usiyakamue ukayamwaga. Maji ya sukari, asali na maji ya dawa za kienyeji visimpite mdomoni.

Alizaliwa na 3.1, siku ya nne amepima 2.9. Majirani wanasema amepigwa na jicho.

Karibu watoto wote hupungua siku za mwanzo, kwa maji na kinyesi cheusi cha kwanza kutoka. Mpaka asilimia 7 haituhangaishi, na wako hajafika hapo. Ikikaribia asilimia 10 tunakaa na mama, tunaangalia mtoto anavyoshika titi. Kufikia wiki ya pili awe amerudia uzito wake wa kuzaliwa. Mlete siku hiyo, mvue nepi na kofia, tumpandishe kwenye mizani ile ile.